Jalada la Migongo

Mwanamke alitoka dukani kwa Bashir ameshika robo ya sukari, na sukari yenyewe ilikuwa imefungwa ndani ya magoti ya babu yangu. Niliyajua magoti yale. Nilikuwa nimeyachora kwa mkaa kiangazi kilichopita, babu akiwa kigodani anachonga mpini wa jembe, na nilikuwa nimehangaika nayo wiki nzima mpaka yakakubali kuwa magoti. Sasa yalikuwa yameviringwa pembe, ncha imekunjwa chini, na punje za sukari zilikuwa zikidondoka pale paja lilipoanzia.

"Mama, hiyo karatasi ni yangu," nilimwambia.

Alinitazama toka juu mpaka chini. "Na sukari ni ya nani?"

Akaenda zake. Ilikuwa siku ya soko, na barabara ya Busia ilikuwa imejaa watu waliovuka kutoka upande wa Uganda na mikungu yao ya ndizi. Nilisimama katikati yao nikitamani kumpiga mtu, yeyote tu. Mwaka ulikuwa 1967. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na mwezi huo nilikuwa nimeshagombana na kila aliyekuwa na haki ya kuniita mwanawe, dada yake au mwanafunzi wake.

Niliingia dukani. Michoro yangu ilikuwa mezani kando ya mizani, imekatwa vipande vya kufungia, rundo zima.

"Simama kando, dada, unazuia wateja," alisema Bashir.

"Hizo picha ni zangu."

"Baba yako alileta yeye mwenyewe. Alisema, Bashir, fungia watu sukari. Na ni karatasi mzuri, ngumu, haipasuki." Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anazisifu, na sifa hizo ziliniuma kuliko tusi.

Nililishika rundo upande mmoja, naye akalishika upande wa pili. Tulivutana juu ya mizani, wateja wakicheka, mpaka mkewe Zainabu akatoka nyuma ya pazia.

"Mpe, baba Edris. Mpe aende nazo. Mimi nimechoka na hawa watu wananitazama tangu asubuhi."

Bashir aliachia ghafla, nikapepesuka nyuma. Hivyo ndivyo nilivyorudishiwa kazi yangu ya mwaka mzima: kwa sababu ilimchosha mtu.

Baba yangu, Ongodia, hakuwa mlevi wala mtu wa kuharibu vitu. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilianzia kwenye mchoro mmoja uliokuwa na pengo.

Mwalimu wangu wa sanaa aliitwa Protus, mtu wa Butula. Alikuwa amesoma uchoraji Kampala, na katika pande zetu zote hakuna mwingine aliyejua chuo kile kilitaka nini. Kilitaka jalada: michoro kumi iliyotoka katika maisha ya mtu mwenyewe, si maua wala malaika. Mwezi wa tano ungeenda nalo mbele ya watahini. Wakilipenda, wewe ni mwanafunzi. "Wakikataa," Protus alikuwa akisema huku anacheka, "unarudi nyumbani unaolewa." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na wachumba walikuwa wameshaanza kuulizia, kwa hiyo mzaha huo haukunichekesha. Kila Jumamosi aliniruhusu kutumia chumba cha sanaa pale shuleni. Niliichukia sauti yake na nilimhitaji, na mambo hayo mawili hukaa pamoja vizuri sana.

Mchoro uliopaswa kubeba jalada langu ulikuwa wa chungu cha pombe. Nyumbani kwetu, juu kidogo ya Alupe, shemeji yangu Ochom, mume wa dada yangu, alikuwa amekuja kutusalimia, na wazee waliketi kukizunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Kwetu sisi Iteso, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawanywi chungu kimoja. Ochom alipofika tu, Mama aliondoka mahali pake pa kila siku, kati ya babu na baba mdogo Ojakol, akaingia jikoni na chungu chake kidogo, akanywea huko nyuma ya ukuta. Mazungumzo hayakukatika. Wazee wakisema jambo huku nje, Mama alilijibu kutoka ukutani, na kicheko kilikuwa kimoja. Kigoda chake kilibaki kitupu, hakuna aliyekisogeza.

Nilichora nilichoona. Watu, chungu, mirija, na pengo.

"Hii picha iko na shimo," Protus alisema, akapigapiga pale kwa kucha. "Mtu akiangalia, jicho lake linaanguka hapa."

"Ni pahali pa Mama, mwalimu. Yeye ako jikoni."

"Asiyekuwepo na lake halipo. Watu wa Kampala watajua aje mama yako ako jikoni? Jaza."

"Nijaze na nani?"

"Mtu. Mtu yeyote. Wewe ni mchoraji ama ni karani wa sensa?"

Ningeweza kuweka jirani. Ningeweza kubuni bibi kizee. Lakini mchoraji anayeanza hana watu wengi kichwani. Mimi nilikuwa na uso mmoja tu niliouweza bila kuutazama, uso wa Mama, na kigoda kilikuwa chake. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilimpa mrija, nikampa kicheko chake kile cha kuonyesha pengo la meno, nikamwinua macho atazame mbele. Mbele yake, ng'ambo ya chungu, alikuwa ameketi Ochom. Sikuliona hilo kabisa. Niliona duara limefungika, na Protus akanipiga begani kwa furaha, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Siku ya wazazi aliutundika mchoro karibu na mlango wa ukumbi, kila aingiaye auone. Ochom alikuja. Alikuwa mpakuzi wa mizigo pale stesheni ya Malaba, na mdogo wake wa kike alisoma shuleni hapo. Nilimwona akijitambua kwenye karatasi. "Ni mimi huyo!" aliwaita wenzake. "Angalieni, hata kovu langu limo!" Kisha macho yake yaliufuata mrija wake hadi chunguni, yakatoka chunguni na mrija mwingine, yakapanda mpaka kwa yule aliyeushika.

Alivuta koti akajifunika uso. Ndivyo mwanamume wa kwetu afanyavyo akikutana na mama mkwe wake njiani ghafla, na Ochom alilifanya mbele ya karatasi, katikati ya ukumbi, huku watu wa makabila mengine wakimshangaa na kucheka. Alinyoosha mkono bila kutazama, akaing'oa picha ukutani, akatoka nayo ameigeuzia ubavuni.

Kesho yake dada yangu Amongin aliingia uani na mtoto mgongoni na nguo zake ndani ya shuka. Hakusalimia mtu.

"Umeniachisha mume kwa kipande cha mkaa," aliniambia, akatema mate chini.

Mama alikuwa anachekecha unga. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Nilikuwa nacheka?"

"Ndiyo, Toto," nilisema, kama tunavyomwita mama kwa Kiteso.

"Nikimtazama?"

"Ndiyo."

Akainua kigoda chake, akakigeuza, akaketi tena akinipa mgongo, na ungo wake ukaendelea. Tangu saa ile Mama hakunipa uso wake. Nikiingia huku, yeye anageukia kule. Chakula changu alikiweka mezani akiwa ameshaondoka. Nilisema mara nyingi kwamba ni karatasi tu, nikalisema kwa Baba, kwa Amongin, kwa babu, mpaka likanichosha mdomoni.

Watu wa Ochom walikuja na mchoro, wazee wakakaa, mbuzi akachinjwa ili jambo lile lioshwe. Halafu baba mdogo Ojakol alitandaza mchoro juu ya ngozi, akachukua wembe, akaukata toka juu hadi chini, katikati kabisa, chungu kikapasuka vipande viwili. Nusu ya Ochom waliondoka nayo watu wake. Nusu ya Mama ilibaki kwetu. Mimi nilikuwa nimesimama penye mlango wa jiko, machozi yananitoka kwa hasira.

"Ni karatasi tu," nilisema tena.

Ojakol alifuta wembe kwenye paja lake. "Kama ni karatasi tu, wewe unalia nini?"

Nilimchukia kwa swali hilo miaka mingi. Amongin alirudi kwa mumewe. Kwao jambo likaisha. Kwangu halikuisha, kwani asubuhi iliyofuata jalada langu halikuwepo chini ya kitanda. Baba alikuwa ameshalipeleka Busia.

"Mambo ya nyumba hii hayavuki mpaka," alisema.

Basi nilikaa kwenye baraza ya nyuma ya duka la Bashir siku ile, nikatandaza vipande nilivyonyang'anya. Nilitaka kuvihesabia hasara. Badala yake nilivitazama, na kadiri nilivyovitazama ndivyo nilivyozidi kukasirika, safari hii kwa kitu kingine. Wote walikuwa wanatabasamu. Shangazi alikuwa ananitabasamia, babu ananitabasamia, hata mwanamke wa kisimani aliyebeba mtungi alikuwa amesimama ovyo shingo imenyooka, hana uzito wowote kichwani. Nilikuwa nimewapanga. Nilikuwa nimejaza kila pengo. Zainabu alisema kweli, watu wale walikuwa wanatazama tu, hawakuwa na kazi nyingine. Nilitafuta hata kimoja ambacho ningekipigania tena juu ya mizani ile. Magoti ya babu pekee ndiyo yaliyokuwa ya kweli, kwa sababu siku ile babu alikuwa na hasira na mpini na alisahau kwamba nipo, na magoti hayo yalikuwa yameshaenda na sukari ya mtu.

Niliinuka, nikarudi dukani, nikaviweka vyote mezani.

"Fungia watu sukari," nilimwambia Bashir. "Lakini nipe karatasi za kaki badala yake."

Alidhani nimerukwa na akili. "Hizi za kaki ni laini. Zitapasuka."

"Najua."

"Wee Zainabu!" aliita. "Hawa watu wako wamerudi!"

Nilitoka na bunda la kaki kwapani kabla hajaghairi.

Tatizo likawa nani wa kuchora. Habari ilikuwa imeenea kutoka Alupe mpaka Malaba. Wanawake wa sokoni wakiniona na mkaa waliambizana, "Ndiye huyo wa kukalisha wakwe pamoja," wakageuka upande wa pili. Kisimani waliokuwa wakiteka maji walinipa mabega. Kanisani benchi langu lilibaki langu peke yangu. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi, kwa kukosa kingine, nilianza kutazama nilichopewa.

Nilichora migongo.

Nisidanganye kwamba nilichora kwa upendo. Nilichora kwa kisasi. Nilisema, mnaninyima nyuso, basi nitawapeleka Kampala hivyo hivyo mlivyo. Nilimchora Amongin akiondoka, kisogo cha mtoto kimelalia kati ya mabega yake. Nilichora kanisa zima kutoka benchi la mwisho, visogo vya wanaume na vitambaa vya wanawake, na padre mdogo mbali kule mbele. Lakini ukimtazama mtu mgongo kwa muda mrefu huwezi kubaki na hasira ile ile. Uso unajua kuvaa kitu, mgongo haujui. Baba alipokuwa akikamua ng'ombe, nikiwa nimekaa nyuma yake bila kuongea, niliona bega lake la kushoto limepanda, na likabaki limepanda mpaka nilipojikohoza, ndipo likashuka. Alikuwa ananisikiliza wakati wote. Nililichora bega lile likiwa juu. Kaki ilipasuka pembeni, nikaiacha.

Nilikwenda mpaka Malaba kumchora Ochom. Walikuwa wanapakua magunia ya kahawa kwenye behewa, na Ochom alikuwa na gunia mgongoni, kichwa chini, shingo imetoka mishipa. Nilikaa juu ya reli ya pembeni. Wenzake walimwambia nipo. Aliliweka gunia, akasimama akiwa bado amenigeuzia kisogo.

"Unachora nini?"

"Mgongo."

"Mgongo tu?"

"Tu."

Alijifuta jasho shingoni. "Na nani mwingine yuko hapo ndani?"

"Hakuna mtu. Ni wewe na gunia."

Alirudi kwenye behewa, akajitwika lingine, akapita polepole kuliko wenzake, karibu nami kuliko ilivyohitajika, wala hakugeuka. Msimamizi alimpigia kelele. Alipita hivyo mpaka nikafunga jalada.

Nilimpelekea Protus. Alivipindua vile vya kaki kwa ncha ya vidole, kana kwamba vinanuka.

"Hizi si picha, Apolot. Hawa watu wameenda. Wewe umebaki kuchora vumbi."

"Wewe ndiye uliniambia nijaze shimo."

"Mimi nilisema mtu. Sikusema mama yako."

Ilikuwa kweli, na nilimchukia zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli. Aliniambia nikienda na uchafu ule nitamwaibisha yeye aliyenifundisha. Nikamwambia asitie shaka, jina lake sitalitaja. Hatukuzungumza tena mpaka alipokufa, na mazishini kwake Butula nilikaa nyuma kabisa, nikawatazama waombolezaji visogo vyao, nikajua kwamba hata kuwatazama hivyo nilikupata mkononi mwake.

Kampala walinipokea katika chumba chenye meza ndefu. Watahini walitandaza kaki zangu zikafunika meza yote. Mmoja wao alikuwa mama wa Kiganda, amevaa gomesi, lile gauni lao refu la mshipi, miwani imemshukia puani. Alitembea toka mwanzo wa meza mpaka mwisho.

"Hawa watu wamekukasirikia?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote."

Alirudi akasimama mbele ya ule wa mwisho, wa kumi. Ulikuwa wa mwanamke aliyeketi kigodani mlangoni, nje kuna mwanga. Aliutazama kwa muda.

"Na huyu?"

"Huyu zaidi," nilisema.

Alivua miwani, akaifuta kwa mshipi wa gomesi, akairudisha, akaendelea kutazama. Barua yao ilifika mwezi wa sita, na maisha yangu yote ya baadaye yametoka ndani ya barua ile. Lakini nikiulizwa nilikuwa mchoraji lini, huwa sisemi Kampala.

Nasema asubuhi niliyoondoka kwenda kwa watahini. Treni ilipaswa kupita Malaba mchana. Jalada langu, vipande viwili vya boksi vilivyofungwa kwa katani, lilikuwa na migongo tisa. Wa kumi nilikuwa nimeshaukatia tamaa, kwa sababu niliutaka wa Mama, na Mama alikuwa mwepesi. Nikifungua jalada tu, yeye anahama. Baba alikuwa ametoka na ng'ombe bila kuniaga. Nilikuwa nakunja nguo zangu.

Mama aliingia, akapita kando yangu uso wake ukiwa ukutani. Alichukua kigoda chake, kile kilichobaki kitupu siku ile ya chungu. Akakiweka ndani, mlangoni. Akakitazama. Akakisogeza kidogo nje, mwanga ulipokuwa. Kisha akaketi, akaelekea uani, akanipa mgongo wake wote, mikono magotini. Hakuwa na ungo. Hakuwa na mboga ya kuchambua. Mama hakuwahi kuketi bila kazi mkononi katika maisha yake.

Nilitoa kaki na mkaa. Nilianza na shingo. Kulikuwa na mstari mwembamba pale kitambaa kilipombana, na chini yake mifupa ya uti ikishuka mmoja mmoja ndani ya gauni, na bega moja lililoshuka kwa kubeba maji tangu utotoni. Jogoo aliingia, akamzunguka miguuni, akatoka. Amongin alikuja hadi uani, akatuona, akarudi alikotoka. Jua lilikuwa linapanda na kivuli cha Mama kilikuwa kinafupika sakafuni.

"Umemaliza?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu ungo ule.

"Bado, Toto."

Akakaa. Sijui ni muda gani. Najua tu kwamba treni ilikuwa inakuja na hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja.

"Sikio langu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia," alisema, akiwa ametazama uani. "Usiende kudanganya watu."

Nilitazama. Ilikuwa kweli, miaka kumi na tisa, na sikuwahi kuliona. Nikalifuta lile sikio dogo zuri nililokuwa nimempa, nikalichora upya.